Nati Yenye Doa Jekundu

Karatasi ya polisi ilisema kaka yangu alikufa kwa mwendo wa kasi. Niliisoma nikiwa nimesimama kaunta, nikairudia, kisha nikamuuliza yule askari kama hakuchanganya majalada. Akasema hakuchanganya. Nilitoka pale nikiwa na hasira kuliko machozi, kwa sababu kaka yangu mtaa mzima ulimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa na mama.

Alipewa na waendesha pikipiki wenzake. Kazi yake ilikuwa kusambaza mayai. Kwa miaka tisa, siku sita kwa wiki, alichukua trei kwenye ghala la mayai akazipeleka madukani, mahotelini na kwenye shule ya bweni iliyo chini ya mteremko. Trei kumi na nne nyuma yake, zimefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, na kati ya trei na trei gazeti lililokunjwa. Mtu aliyebeba mayai mia nne na ishirini hana pa kukimbilia. Kwenye kila shimo la barabara aliinama kidogo, kama anayemwamkia mkubwa wake. Wenzake walimpita wakimpigia kelele.

“Taratibu! Kuna konokono nyuma yako anaomba njia!”

Naye alijibu bila kugeuza kichwa, “Mpisheni, anawahi kuliko nyinyi.”

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwa ameoa. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba mke naye anakuja, ila anakuja taratibu. Tuliishi watatu, yeye, mama na mimi, katika vyumba viwili na ua mdogo wenye geti la bati. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, alisimama mlangoni kwa mama akavua kofia ngumu. Mama alimwombea maneno machache, kisha kaka akaivaa tena, akaenda zake. Mimi nilibaki nikifagia ua kabla ya kwenda kwenye duka la kutoa fotokopi ninakofanya kazi.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu, nacho ni gereji.

Mwenye gereji alisoma na kaka. Walikaa dawati moja miaka minne. Watu walimwita Fundi, basi, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani, na kwa kweli mikono yake ilikuwa mizuri. Tatizo lake lilikuwa kichwa. Kichwa chake hakikutulia mahali pamoja. Akifungua pikipiki hii, anaitwa na yule aliyeishiwa upepo; akimaliza upepo, anasimuliwa habari za mpira; akirudi, hakumbuki alipoishia. Na sehemu aliyoisahau ndiyo uliyokwenda nayo nyumbani.

Safari moja pikipiki ilirudi mnyororo umebanwa mpaka ukawa unalia kama mlango usiopakwa mafuta. Safari nyingine ilirudi ikivuja oili, ikamwaga dimbwi uani, mama akalisugua kwa majivu wiki nzima huku akimtaja Fundi kwenye sala kwa sauti ambayo sidhani Mungu aliipenda. Safari ya tatu kila ukiwasha indiketa ya kulia, honi inapiga yenyewe. Siku nzima kaka alizunguka akipiga honi kila kona ya kulia, watu wakadhani Taratibu hatimaye amechoka kuwa mpole.

“Hama gereji,” nilimwambia.

“Nikihama wataniuliza kwa nini. Na mimi siwezi kusema uongo. Yule ana watoto wanne.”

Ndivyo alivyokuwa. Hata malalamiko yake aliyapeleka kwa adabu. Alikaa kwenye benchi la gereji mpaka wateja wote waondoke, ndipo aseme, “Ndugu yangu, nimerudi na mgonjwa wako.” Fundi alicheka, akaomba radhi, akarekebisha, na safari iliyofuata akasahau kitu kingine.

Safari ya nne haikuwa ya kuchekesha. Kaka alikuwa na mazoea ya kuchuchumaa na spana yake jioni na kugusa kila nati baada ya pikipiki kutoka gereji. Siku hiyo aligusa nati ya ekseli ya nyuma, ikazunguka kwa vidole. Aliingia ndani, mikono imejaa grisi.

“Mdogo wangu, ile rangi yako ya kucha bado ipo?”

“Unataka kupaka kucha?”

“Nataka kupaka pikipiki.”

Nilikuwa nayo chupa moja, nyekundu, niliyoinunua kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Mama hakuipenda tangu siku ya kwanza, akasema kucha zilizopakwa hazijui kukanda unga. Kesho yake niliipitisha mwenyewe gereji pamoja na kaka, kwa kuwa ni njia yangu ya kwenda kazini. Alimkabidhi Fundi ile chupa mkononi.

“Sikiliza. Kuna nati kumi na mbili ambazo zikilegea mimi ni marehemu. Ukikaza moja, unaitia doa. Hujaikaza, huitii. Hata ukiitwa mara mia, ukirudi unaona ulipoishia.”

Fundi aliigeuza chupa juani. “Taratibu, hii ni pikipiki au bibi harusi?”

“Bibi harusi wangu. Mpambe vizuri.”

Walicheka wote wawili. Na ule mpango ulifaa. Sevisi mbili zilizofuata zilikuwa safi kabisa. Kaka bado alichuchumaa na spana jioni, lakini kila nati aliyoigusa ilikuwa imekaza. Alianza kumsifia Fundi mbele ya watu, na mwenyewe akafurahi kuwa na neno jema la kumsemea.

Sevisi ya tatu baada ya hapo ilikuwa Jumanne. Kaka aliirudisha pikipiki jioni, akaiegesha karibu na geti, akaizunguka akihesabu madoa kwa kidole bila kugusa. “Kumi na mbili. Yote yapo.” Kisha akaja kula. Hakutoa spana. Ilikuwa mara ya kwanza, nami niliona, nikafurahi kwamba hatimaye amepata jioni ya kupumzika.

Asubuhi aliombewa, akaishusha pikipiki kwenye stendi, akavuka kizingiti cha geti, akaenda. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Saa moja nilikuwa nafagia. Karibu na geti fagio liligonga kitu kikalia. Nilikiokota. Ilikuwa nati, nzito kidogo, na upande mmoja ina doa jekundu. Niliitambua rangi yangu, nikatabasamu. Nikajiambia ni nati ya akiba imemdondoka mfukoni. Niliiweka kwenye ukingo wa dirisha ili nimpe akirudi, nikamalizia kufagia.

Sikumpigia simu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si kubwa. Hapokei akiwa njiani, na mimi nilikuwa nachelewa kazini.

Siku hiyo gari la mayai lilichelewa kufika ghalani. Kaka alikaa kwenye ngazi za ghala akisubiri, simu mfukoni mwa shati, mpaka saa tatu. Saa mbili nzima, yeye amekaa pale na ile nati iko dirishani kwetu. Saa tatu alifunga trei zake akaanza mzunguko, na kituo cha kwanza kilikuwa shule ya bweni.

Nati ile ndiyo inayoshika chuma kinachozuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Isipokuwepo, siku mbili tatu unaweza kwenda kwenye tambarare usijue. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye mteremko, chuma kinachomoka, na breki ya nyuma haipo tena. Ya mbele peke yake, kwa mzigo ule, haikutosha. Chini ya mteremko palikuwa na lori la mchanga limeegeshwa, dereva wake anabadilisha tairi. Wauza matunda wa pale waliwaambia polisi waliona pikipiki ikishuka kama jiwe. Walisema kweli. Polisi nao wakaandika mwendo wa kasi.

Tulimzika Alhamisi. Mchungaji alihubiri vizuri, kwaya ikaimba, na nyuma ya mahema nikamsikia mmoja wa wale wenzake akimwambia mwingine, “Hata Taratibu naye haraka ilimpata.” Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejifunza jambo. Mama naye alisikia.

Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine. Hakuuliza habari za pikipiki wala za vitu vyake. Alitaka lile neno litoke kwenye karatasi.

“Mwanangu hakuwahi kukimbia hata akiwa mtoto,” alisema. “Mungu anamjua. Lakini huku wamemwacha na jina la mtu aliyejiua mwenyewe kwa ujinga. Nenda wakalifute.”

Mimi nilijua jinsi ya kulifuta. Nati ilikuwa kwenye sanduku langu, imefungwa kwenye leso. Niliitambua ilivyo siku ile ile jioni, niliporudi kutoka hospitali nikaikuta dirishani. Sikumwambia mama. Nilimwambia Mungu, na hata kwake nilisema kwa kuzungukazunguka. Ile sala tunayosali kila siku ina mahali pa kuomba msamaha na kutoa msamaha. Nikifika pale sauti ilikatika, mama akidhani ni kilio, akaendelea peke yake mpaka amina.

Wiki tatu zilipita. Siku moja, nikiwa kazini, nilimpa mteja karatasi za mtu mwingine, nikajua siwezi tena kuendelea hivyo. Niliaga mapema, nikachukua ile leso, nikaenda kwa mkaguzi wa magari pale kituoni. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpole wa maneno. Aliigeuza nati chini ya taa ya meza.

“Dada, pole sana. Lakini hii inakuumiza badala ya kukusaidia.”

“Kivipi, afande?”

Akafungua jalada. Fundi alishahojiwa. Alieleza mpango wote wa madoa, na kwamba ni marehemu mwenyewe aliyeuleta. “Hapa pana doa. Doa maana yake ilikazwa. Kama ililegea baadaye, ni kwa mzigo na mwendo wa mwenye pikipiki. Hayo ni maneno ya mpango wa kaka yako, si yangu.”

Kitu alichokibuni kaka ili asife ndicho kilichokuwa kikimhukumu. Nikaomba nioneshwe pikipiki.

Ilikuwa nyuma ya kituo, imeegemezwa ukutani kati ya magari yaliyokamatwa. Ute wa mayai ulikuwa umekauka kwenye injini ukawa kama vanishi. Niliomba moyoni, nikachuchumaa kama alivyokuwa akichuchumaa yeye, nikaanza kutafuta madoa. La kwanza lilikuwa kwenye ekseli ya mbele. Halikuwa doa tena, lilikuwa limepakazika nusu ya nati, na katikati yake mkwaruzo. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Rangi ya kucha naijua. Ukiigusa ikiwa mbichi inavutika, ndivyo ilivyovutika pale, kuelekea upande ule ule ambao spana huzunguka ikikaza.

“Afande, njoo uone.”

Alikuja, akavuta suruali magotini akachuchumaa.

“Haya yote yamekwaruzwa na spana,” nilisema. “Rangi ilipakwa kwanza, spana ikaja baadaye. Angalia moja moja. Sasa angalia hii.” Nikafungua leso. Doa la nati yangu lilikuwa duara zima, linang’aa, kama lilivyotoka kwenye brashi. “Hii spana haikuigusa.”

Alihesabu kwa sauti ya chini. Kumi na moja zilizokwaruzwa. Moja safi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akahesabu upya.

“Kesho asubuhi njoo na mama. Nitamwita Fundi.” Kisha akauliza, “Nati hii uliipata wapi?”

“Uani kwetu. Kwenye geti.”

“Lini?”

Nikaikunja ile leso.

“Siku ni muhimu, dada. Ukiniambia umeipata baada ya ajali, Fundi atasema mtu kaja kuifungua. Ikiwa ilidondoka kabla hajaenda, hapo hana la kusema.”

“Nitasema kesho,” nikajibu. “Mama akiwepo.”

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa na viti vitatu. Fundi alikataa kukaa. Alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama anayekwenda kanisani. Alimwamkia mama, mama akaitika. Mkaguzi aliweka nati mezani, akamweleza alichokiona nyuma ya kituo, kisha akauliza swali moja tu.

“Ulikuwa unapaka kabla ya kukaza?”

Fundi aliitazama ile nati.

“Mwanzo nilipaka baada,” alisema. “Nakaza moja, napaka moja, kama alivyotaka. Lakini mikono yangu ina oili, afande. Brashi ikashika uchafu, rangi ikaanza kuganda chupani. Sikutaka kumwomba dada anunue nyingine. Nikaona bora ninawe mara moja, nizipake zote kumi na mbili kwa mikono safi, nifunge chupa, ndipo nikaze. Siku hiyo nilikuwa nimekaza kumi na moja. Akaja mtu gari limezimika katikati ya barabara, nikaenda kusukuma. Niliporudi…” Akasita. “Niliporudi niliiona ina doa. Nikaamini doa langu mwenyewe.”

Mkaguzi aliandika. Kalamu yake ilikuwa ikikwama, akaipulizia pumzi ya moto, akaendelea.

“Na nati ilipatikana lini?” aliuliza, macho kwenye karatasi.

Ningeweza kusema Jumanne jioni, kwamba niliikuta gizani nikaiweka bila kuitazama. Uongo ule niliutengeneza njia nzima. Lakini mama alikuwa amekaa kando yangu na mkoba wake mapajani, akisubiri jina la mwanawe lisafishwe, na sikuweza kulisafisha kwa uchafu.

“Jumatano, saa moja asubuhi,” nilisema. “Nilikuwa nafagia. Yeye alikuwa ameondoka nusu saa kabla. Niliiona ina rangi yangu, nikajua ni yake. Nikaiweka dirishani.”

Mkaguzi aliacha kuandika. “Ajali ilikuwa saa tatu na dakika kumi.”

“Ndiyo.”

“Alikuwa na simu?”

“Alikuwa nayo.”

Aliandika na hilo. Kisha akachukua rula, akalipiga mstari lile neno la mwendo wa kasi, akaandika juu yake hitilafu ya matengenezo, nati ya breki ya nyuma haikukazwa. Mama alimwomba asome kwa sauti. Akasoma. Mama akamwomba asome tena, yote, mpaka mwisho, pamoja na mahali palipoandikwa kwamba nati iliokotwa na dada wa marehemu saa mbili kabla ya ajali. Akasoma pamoja na hapo.

Fundi alipiga magoti pale pale sakafuni. “Mama, nisamehe. Sina la kusema. Nisamehe.”

Mama alimwekea mkono kichwani. Alisema amemsamehe kwa jina la Mungu, akamwambia ainuke, watoto wake wanamsubiri, na kesi ya serikali aende nayo kwa ukweli huo huo aliousema. Yalimtoka polepole lakini yalimtoka yote. Fundi alilia kama mtoto. Mkaguzi alitoka nje akatuacha.

Tulirudi kwa miguu. Mama alitembea mbele, mimi nyuma yake hatua tatu nne. Tulipofika getini alisimama, mkono kwenye bati, hakugeuka.

“Saa moja?”

“Saa moja, mama.”

Akaingia ndani.

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Karatasi mpya ipo, mama aliipeleka mwenyewe kwa wale waendesha pikipiki, mmoja akaisoma kwa sauti na wengine wakavua kofia. Hakuna anayesema tena kwamba haraka ilimpata. Fundi anasubiri siku yake ya mahakama, na kila asubuhi mama anamwombea kwa jina. Mimi ananiita nikalete maji, ananiuliza kama sabuni imebaki, ananiambia nani amebisha hodi nikiwa kazini. Habari ya ile asubuhi hatujaizungumza. Namwomba Mungu amfungue mdomo mama yangu, hata kama ni kwa kunilaumu.